Kupima Mikwaruzo ya Redio na Kugeza Chombo cha Kuipimia

Muhula uliopita niliwapa wanachuo wa mwaka wa pili kazi ambayo mimi mwenyewe niliidhania kuwa nyepesi. Niliwaletea chaja mbili za simu, za aina ile inayochomekwa ndani ya gari, pamoja na betri ya pikipiki ya volti 12, nikawataka waniambie ni ipi kati ya chaja hizo inayoharibu zaidi usikivu wa redio. Kundi la kwanza lilitumia redio kubwa ya chuo na kundi la pili redio ndogo ya mkononi. Kila kundi lilifungua masafa ya kati, likatafuta mahali pasipo na kituo, likaisogeza chaja karibu, likasikiliza mikwaruzo, kisha likatoa alama kuanzia 1 hadi 10. Kundi la kwanza liliipa chaja nyeusi alama 8 na nyeupe alama 5. Kundi la pili liliipa nyeupe alama 9 na nyeusi alama 6. Kila upande ulitetea alama zake kwa nguvu. Nilikuwa karibu kuwaamuru warudie kazi kwa uangalifu zaidi, ndipo mwanachuo mmoja akauliza: "Mkufunzi, na redio zenyewe zimepimwa kwa kitu gani?"

Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Makala haya ni jibu hilo, ingawa limechelewa. Nitaeleza jinsi mafundi wanavyopima mwingiliano wa redio, chombo chao kimeundwaje, na jinsi chombo hicho chenyewe kinavyogezwa, yaani kinavyolinganishwa na kipimo kingine kinachoaminika zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi hatakutana na chombo hicho darasani kwake. Hata hivyo kila siku atakuwa na rula, mizani, kipimajoto na saa mikononi, na wanafunzi wake wataandika tarakimu wanazozisoma humo kana kwamba tarakimu hizo zimeshuka kutoka mbinguni. Swali la mwanachuo yule linahusu vyombo hivyo vyote.

Chanzo cha mikwaruzo

Mwaka 1887, huko Karlsruhe katika Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha cheche ya umeme kati ya vipande viwili vya madini, na upande wa pili wa chumba cheche ndogo ikaruka katika pengo la waya uliokunjwa ambao haukuunganishwa na kitu chochote. Hivyo ndivyo mawimbi ya redio yalivyothibitishwa kwa mara ya kwanza. Tukikumbuka jambo hili hatutashangaa kwamba swichi, injini ya pikipiki, mota ya kinu cha kusaga au kengele ya umeme huingia redioni bila ya kukaribishwa. Kila mahali mkondo wa umeme unapokatwa au kuunganishwa ghafula, pale pana kituo kidogo cha redio kinachotangaza mikwaruzo.

Zamani adui mkubwa alikuwa cheche. Siku hizi ni vifaa vinavyokata na kuunganisha umeme kwa makusudi ili kubadili volti: chaja za simu, taa za LED, inveta na vidhibiti chaji vya umeme wa jua. Chaja inayokata umeme mara 100,000 kwa sekunde hutoa mwingiliano kwenye kilohezi 100, na kadhalika kwenye 200, 300, 400 na kuendelea juu kama ngazi. (Kilohezi moja ni mitetemo 1,000 kwa sekunde.) Tafadhali mwanachuo ishike ngazi hii, maana nitairudia mwishoni.

Kwa nini redio ya kawaida si kipimo

Redio tuliyo nayo nyumbani imeundwa ili impendeze msikilizaji. Ndani yake mna sehemu inayosikiliza nguvu ya wimbi linaloingia: wimbi likiwa dhaifu redio hujiongezea uwezo wa kukuza, na wimbi likiwa na nguvu hujipunguzia. Kwa sababu hiyo kituo cha mbali na kituo cha karibu husikika karibu sawa, na msikilizaji hana haja ya kushika kifundo cha sauti kila wakati. Ni msaada mkubwa kwa mwenye nyumba, lakini ni balaa kwa mpimaji. Fikiria mwalimu ambaye, kwa huruma, humwongezea alama kila mwanafunzi dhaifu na kumpunguzia kila mwenye nguvu, halafu mwisho wa mwaka anaulizwa nani amemzidi nani!

Makundi yangu mawili yaliingia katika mtego huo hasa. Walisikiliza mahali pasipo na kituo, ambapo redio ilikuwa imejiongezea uwezo hadi mwisho. Chaja iliposogezwa, redio ilianza kujipunguzia yenyewe, na alama 8 ikawa haina uhusiano wowote wa kudumu na alama 4. Zaidi ya hayo, eriali ya ndani ya redio ya masafa ya kati ni kijiti chenye waya uliozungushwa. Ukiigeuza redio robo mzunguko tu, mikwaruzo yaweza kupungua sana. Hakuna aliyewaambia wanachuo waiweke redio ikielekea upande mmoja. Kosa hilo lilikuwa langu.

Chombo chenyewe

Chombo cha kupimia mwingiliano ni redio pia, lakini ni redio iliyonyimwa huruma. Haijiongezei wala haijipunguzii. Mbele kabisa ina kipunguzi, ambacho hukata wimbi linaloingia kwa kiasi kinachojulikana. Halafu inafuata sehemu ya kuchagua masafa, kisha kikuzaji, kisha kitambuzi kinachogeuza mitetemo kuwa volti inayosomeka, na mwisho mshale au, katika vyombo vya leo, tarakimu kwenye kioo. Katika kila hatua fundi anajua kilichoongezwa na kilichopunguzwa.

Kwa kuwa volti zinazopimwa hutofautiana mno, kutoka sehemu ya milioni ya volti hadi volti nzima na zaidi, mafundi huhesabu kwa desibeli. Mwanachuo asiogope neno hili. Kwa volti, kuongeza desibeli 20 ni kuzidisha mara 10. Desibeli 40 ni mara 100. Desibeli 60 ni mara 1,000. Na desibeli 6 ni karibu mara mbili. Tukianzia mikrovolti 1, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya volti, na kuiita sifuri, basi desibeli 60 ni mikrovolti 1,000, yaani milivolti 1. Kanuni za kimataifa zinataka kifaa cha nyumbani kisirudishe katika waya za umeme zaidi ya desibeli 56 kati ya kilohezi 500 na megahezi 5, kwa kitambuzi nitakachokieleza hivi punde. Kiasi hicho ni karibu mikrovolti 630 tu, na tayari kinatosha kumsumbua jirani.

Sasa kuna jambo la upana. Kituo cha redio hukaa katika nafasi nyembamba, lakini pigo la ghafula la umeme hutawanyika katika masafa mengi kwa wakati mmoja. Chombo huchungulia masafa hayo kupitia dirisha, na kadiri dirisha lilivyo pana ndivyo linavyokusanya zaidi. Mafundi wawili wenye madirisha tofauti hawatakubaliana kamwe, hata kama wote ni waaminifu. Kwa hiyo upana umewekwa kwa makubaliano: kilohezi 9 kwa masafa ya kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30, na kilohezi 120 kuanzia megahezi 30 hadi 1,000. Tarakimu 9 si ngeni kwa wasikilizaji wa Afrika. Vituo vya masafa ya kati katika sehemu yetu ya dunia vimepangwa vikiachana kwa kilohezi 9, kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975.

Kibaba cha tele na kibaba cha mfuto

Kiini cha chombo hiki ni kitambuzi, na hapa yafaa tukae kidogo.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Kibaba kilikuwa kimoja, lakini palikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kijiti. Muuzaji na mnunuzi wasipokubaliana kwanza ni kipi kati ya hivyo, kibaba chenyewe hakiwasaidii kitu. Mwingiliano wa redio una ugomvi uleule. Tuseme mota inatoa mapigo makali lakini machache, na chaja inatoa mapigo madogo lakini mengi. Fundi akipima kilele cha pigo, mota ndiyo yenye hatia. Akipima wastani wa muda wote, mota itaonekana haina kosa, maana muda mwingi iko kimya. Ipi ni kweli?

Ikiwa lengo ni kumlinda msikilizaji, basi hapana budi sikio la msikilizaji liulizwe. Nalo sikio halisikii kilele wala halisikii wastani. Mkwaruzo mmoja kila baada ya sekunde chache huvumilika. Mikwaruzo mia kwa sekunde huyameza maneno yote ya mtangazaji. Mwaka 1933 wataalamu wa nchi kadhaa walikutana Paris kwa ajili ya shida hii, na kutokana na mkutano huo ikaundwa Kamati Maalumu ya Kimataifa ya Mwingiliano wa Redio, ambayo hujulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CISPR, nayo ikafanya kikao chake cha kwanza mwaka 1934. Jibu lililotokana na kazi ya kamati hiyo ni kitambuzi kinachojaribu kusikia kama mtu anavyosikia. Kwa Kiswahili naomba nikiite kitambuzi cha karibu-kilele.

Mfano wake ni mtungi wenye mdomo mpana na tundu dogo chini. Maji yakimiminwa hujaa upesi, kisha huvuja polepole. Katika chombo, mtungi ni kapasita. Kwa masafa ya kilohezi 150 hadi megahezi 30, kapasita hiyo hujazwa kwa kadiri ya milisekunde 1 na kumwagika kwa kadiri ya milisekunde 160. Mapigo yakifuatana haraka, mtungi haupati nafasi ya kumwagika, na mshale hupanda karibu na kilele. Mapigo yakiwa ya mbalimbali, mtungi huvuja kati ya pigo na pigo, na mshale haufiki juu. Mshale wenyewe umefanywa mzito kwa makusudi ili usirukeruke. Vyombo vya siku hizi hufanya mambo haya yote kwa hesabu ndani ya kompyuta, hata uzito wa mshale ambao haupo, ili majibu yao yalingane na ya vyombo vya zamani.

Ningependa mwanachuo aone kwamba hapa kipimo kimeundwa kutokana na uamuzi wa watu. Volti ipo bila sisi. Usumbufu haupo bila ya msikilizaji. Wasahihishaji wawili wa insha wanajua habari hii vizuri: makosa machache makubwa na makosa mengi madogo hayahesabiki pamoja mpaka wasahihishaji wakae na kukubaliana kila kosa lina uzito gani.

Waya za nyumba

Mwingiliano wa chini ya megahezi 30 hupimwa zaidi katika waya za umeme, kwa kuwa hizo ndizo njia zake kuu. Ugumu ni kwamba waya za nyumba mbili hazilingani. Chaja ileile ikichomekwa kwako itaonyesha volti moja, na kwangu nyingine. Kwa hiyo kati ya ukuta na kifaa huwekwa kisanduku kinachoiga waya za nyumba ya wastani, chenye koili ya mikrohenri 50 na ukinzani wa omu 50, ili kila kifaa duniani kihukumiwe kana kwamba kimechomekwa katika nyumba moja. Kisanduku hicho hupitisha mkondo mkubwa kwenda ardhini, na kisipofungwa barabara na waya wa ardhi chaweza kuua. Si kazi ya darasani.

Juu ya megahezi 30 kazi hufanywa zaidi kwa eriali, kwenye uwanja wazi au katika chumba maalumu, mara nyingi kwa umbali wa mita 3 au mita 10 kutoka kwenye kifaa. Eriali nayo ina hesabu yake, nisiyotaka kuingia ndani yake hapa.

Chombo nacho hupimwa

Sasa tumefika kwenye swali la mwanachuo. Fundi anajuaje kwamba desibeli 60 katika chombo chake ni desibeli 60 kweli?

Jaribio la kwanza ni la wimbi tulivu, yaani mtetemo wa masafa mamoja usiobadilika. Chombo hupewa wimbi ambalo volti yake inajulikana, na fundi husoma. Lakini aliyelipima wimbi hilo ni nani? Njia moja, nayo napenda kuisimulia darasani, ni ya joto. Umeme wa redio ukipita katika kizuizi hukipasha moto. Umeme wa betri ukipita katika kizuizi kilekile hukipasha moto pia. Fundi hulinganisha joto la kwanza na joto la pili. Yakilingana, nguvu zimelingana, na umeme wa betri ni rahisi kupimwa kwa usahihi mkubwa. Kwa njia hiyo volti ya redio, ambayo hutetemeka mara milioni kwa sekunde, inafungwa kwenye volti iliyotulia. Volti iliyotulia nayo hufungwa, kwa ngazi za maabara zinazopanda hadi maabara za viwango za taifa, kwenye vipimo vya msingi vya kimataifa. Joto la wimbi dogo mno halipimiki. Kwa hiyo fundi huanzia juu, kwa mfano milivolti 224 katika omu 50, ambayo ni nguvu ya miliwati 1, kisha hushuka kwa vipunguzi vilivyopimwa.

Jaribio hilo peke yake halitoshi, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Chombo chaweza kusoma wimbi tulivu kwa usahihi kabisa na bado kikadanganya kuhusu mikwaruzo, kwa kuwa mikwaruzo ni mapigo. Kwa hiyo jaribio la pili ni la mapigo yanayojulikana. Kanuni inasema hivi: chanzo kitoe mapigo 100 kwa sekunde, na kila pigo liwe na ukubwa wa mikrovolti-sekunde 0.316, yaani volti zake zikizidishwa kwa muda wake. Mapigo hayo yatasogeza mshale mahali palepale unaposogezwa na wimbi tulivu ambalo chanzo chake kina milivolti 2. Chanzo na chombo vikiwa na ukinzani sawa, nusu ndiyo inayofika kwenye chombo, milivolti 1, nayo ni desibeli 60 tulizozitaja.

Pigo lenye ukubwa huo hupatikanaje? Chukua waya wa eriali ya televisheni au mfano wake, wenye urefu wa nusu mita. Uchaji kwa volti 63.2, kisha uuachie ghafula katika ukinzani unaolingana nao. Ndani ya waya wa namna hiyo umeme husafiri karibu sentimita 20 kwa kila nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Waya hujimwaga kwa kwenda na kurudi, ambayo ni mita moja, kwa hiyo pigo hudumu nanosekunde 5. Volti 63.2 mara nanosekunde 5 ni mikrovolti-sekunde 0.316. Kumbe muda wa nanosekunde 5, ambao hakuna saa ya ukutani iwezayo kuuona, umepimwa kwa rula! Mimi binafsi sijui mfano mwingine mzuri kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba kipimo kimoja hujengwa juu ya kingine.

Halafu kasi ya mapigo hubadilishwa. Mapigo yakipunguzwa kutoka 100 hadi 20 kwa sekunde, kila pigo lazima liongezwe desibeli 6.5, yaani zaidi ya mara mbili, ili mshale usimame palepale. Yakibaki mapigo 2 kwa sekunde, nyongeza ni desibeli 20.5, zaidi ya mara kumi. Pigo moja pekee lahitaji desibeli 23.5, karibu mara kumi na tano. Na yakiongezwa hadi 1,000 kwa sekunde, desibeli 4.5 hupunguzwa. Chombo kinachoshindwa kufuata ngazi hii hakisikii kama sikio lililokubaliwa, hata kama mshale wake unang'aa.

Kuna ujanja mmoja zaidi ambao fundi mzuri huufanya kila siku bila ya kupeleka chombo maabara. Pigo kali lakini la nadra huweza kukisonga kikuzaji, kikashindwa kulikuza lote, huku mshale ukiwa chini na kila kitu kikionekana salama. Fundi huongeza desibeli 10 kwenye kipunguzi cha mbele. Usomaji ukishuka kwa desibeli 10 barabara, chombo kilikuwa kikisema kweli. Ukishuka kwa 4 tu, kilikuwa kimesongwa, na tarakimu za awali hazina thamani.

Hata baada ya haya yote chombo kinaruhusiwa kukosea kidogo: desibeli 2 kwa wimbi tulivu na desibeli 1.5 kwa mapigo, juu au chini. Desibeli 2 ni karibu robo ya volti. Mwanafunzi anayedhani kwamba chombo cha bei kubwa hakikosei hata kidogo, na aambiwe tarakimu hizo.

Tulivyorudia kazi yetu

Darasani twaweza kuonyesha sehemu kubwa ya mambo haya kwa betri ya tochi, tupa na vipande viwili vya waya. Funga waya mmoja kati ya betri na tupa, na kwa ncha ya waya wa pili uparuze meno ya tupa karibu na redio iliyofunguliwa masafa ya kati. Paruza jino moja moja, wanafunzi wasikie "tik", kimya, "tik". Halafu paruza haraka. Waulize ni lini mtangazaji hasikiki. Hawatasita, na hapo mwalimu atakuwa amefundisha kitambuzi cha karibu-kilele bila ya kulitaja jina lake. Betri isiachwe imegusa tupa kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hupata moto. Umeme wa ukutani usitumike kabisa katika majaribio haya.

Kuhusu chaja, tulibadili utaratibu wote. Tulitumia redio moja, imewekwa juu ya meza kwa alama za chaki, ikielekea upande mmoja, kifundo cha sauti kimefungwa kwa utepe. Hatukusikiliza tena mahali patupu, bali kituo dhaifu cha mbali, ili wimbi la kituo lenyewe liishike redio isijiongezee ovyo. Penye shida ya kupata kituo cha masafa ya kati, masafa mafupi yatafaa. Chaja ilikuwa ikichaji simu ileile kila mara, kwa sababu chaja isiyo na kazi hunyamaza. Mwanachuo mmoja aliisogeza taratibu juu ya kamba yenye fundo kila sentimita 10, na mwingine, aliyeipa meza mgongo, aliinua mkono pale maneno ya mtangazaji yalipoanza kupotea.

Kwa kituo cha upande wa chini wa kipimo cha redio, chaja nyeusi iliharibu maneno kuanzia sentimita 80 na nyeupe kuanzia sentimita 50. Kwa kituo cha upande wa juu, nyeupe ilianza kwenye sentimita 70 na nyeusi kwenye 40. Tukatazamana. Makundi yote mawili ya kwanza yalikuwa yamesema kweli, kila moja mahali pake katika ngazi ya masafa. Kundi moja lilikuwa limefungua redio chini na jingine juu, na hakuna aliyeandika ni wapi. Tangu siku hiyo hatukubali tarakimu isiyoambatana na masafa yake.

Tulichagua pia chaja ya tatu, tukaiandika herufi M kwa rangi, tukaifungia kabatini. Haitumiwi kwa kazi nyingine. Kila siku ya kupima, M hupimwa kwanza na hupimwa mwisho, kwa kituo kilekile. Kwa majuma mawili ilikaa kwenye sentimita 60, mara chache ikiteleza fundo moja. Juma la tatu ilianza kwenye 60 na kumalizia kwenye 90. Tulitafuta sababu kwa nusu saa, tukagundua kwamba betri za redio zilikuwa zimekaribia kwisha. Baadhi ya wanachuo walitaka vipimo vya asubuhi ile vibaki, kwa kuwa, walisema, huenda betri ziliisha mwishoni tu. Hatukuwa na njia ya kujua. Tulivikata kwa mstari mmoja wa kalamu, tukaviacha vikisomeka, na pembeni tukaandika tarehe na neno "betri".